Bodi mpya za Ford 1932: chuma kitupu au iliyopigwa praima?

MtuWaDayton:
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Ohio, najenga hot rod (gari la zamani lililoundwa upya liwe na nguvu zaidi) ya Ford 1932, imebaki bodi tu. Za zamani bei haishikiki, kwa hiyo nachukua mpya ya chuma. Jirani hapa kampuni ya Brookville wanatengeneza za roadster (gari la wazi), kampuni ya United Pacific wana ya kupe (gari la milango miwili lenye paa) ya madirisha matano. Zipo na karakana ndogo zinazouza bodi yenye praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) tayari, bei nafuu. Mnishauri kuhusu milango na hiyo praima.

FundiGerezani:
Mkuu, rangi iache, fungua mlango. Bati la nje limekunjwa ukingoni kulibana la ndani, na maji yote yanaishia kwenye mkunjo wa chini. Mulika tochi humo: kuna matundu ya kutolea maji? Praima imefika, au bati linang'aa tupu? Kisha uache nusu wazi, uunyanyue kwa mkono. Ukicheza, tazama nguzo ya bawaba kama imeongezewa bamba kwa ndani. Roadster haina paa la kuisaidia nguzo hiyo.

KakaHouston:
Praima si moja. Ile ya kuzamisha bodi nzima kwenye dimbwi lenye umeme hupenya hadi kwenye mikunjo, bunduki ya rangi haifiki huko. Jaribu hivi: kitambaa chenye thina kali, kibandike dakika moja. Praima ikilainika na kutoka, ing'oe yote. Praima ya kujazia mikwaruzo nayo hunywa unyevu. Bodi ikikaa ghalani miezi, kutu huanzia chini yake.

DadaMsasa:
Mimi napiga rangi, nachagua chuma kitupu bila kusita. Unaona kila mshono, hakuna puti ya kujazia mabonde iliyofichwa. Bei nafuu ya ile nyingine inaliwa na kazi ya kukwangua. Ila joto la Ohio lina unyevu: futa mafuta, piga msasa, praima ya epoksi iingie siku hiyohiyo.

MtuWaDayton:
Asante dada. Basi epoksi kwanza, milango baadaye?

DadaMsasa:
Epoksi ndiyo, ila isipite hapo.

FundiGerezani:
Kweli kabisa. Funga bodi kwenye chesisi kwa bolti zote, weka vipande vya kusawazisha chini yake mpaka mwanya wa mlango uwe milimita 4 au 5 juu hadi chini. Bodi iliyo juu ya stendi hupinda. Mlango uliokaa vizuri hapo utakwaruza ukifika kwenye chesisi. Puti na rangi vifuate baada ya hapo.