Je, warushaji chipukizi wa kasi wa kriketi wa India watadumu?

Swali: Ndugu zangu, katika IPL (ligi ya India ya mechi fupi za kriketi) ya mwaka 2024 kijana Mayank Yadav alirusha mpira kwa kasi ya kilomita 156.7 kwa saa, kisha majeraha yakamkatiza msimu. Je, vijana wa aina yake wanaweza kuhimili mechi za siku tano?

Jibu la kwanza: Wanaweza, ndugu, ila wasiharakishwe. Mguu wa mbele unapotua, mgongo hupinda na kujizungusha kwa wakati mmoja, na mifupa ya kiuno ambayo haijakomaa hupata nyufa. Katika mechi ya IPL mrushaji hapewi zaidi ya ova 4, yaani mipira halali 24, ilhali mechi ya siku tano yaweza kumdai ova 20 kwa siku moja. Naumia ninapoona kijana akiacha kucheza Ranji Trophy, mashindano ya ndani ya India ya mechi za siku kadhaa, kwani huko ndiko mwili huzoeshwa kazi hiyo.

Jibu la pili: Naafiki, lakini tusikate tamaa. Jasprit Bumrah, mrushaji wa kasi wa India, alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2023, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la T20 (kriketi ya ova 20 kwa kila timu) ambalo India ilitwaa.