Kushonesha jinzi kwa bei nafuu, na kukijua kitambaa kabla ya kukilipia

Mama Pacha:

Habari za majukumu ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uzoefu. Jinzi za dukani huku ugenini zimenishinda. Ikipita mapajani, kiunoni inapwaya kwa nyuma hadi mkono unaingia wote. Ikikaa vizuri kiunoni, mapajani haipandi. Nimempata fundi anayeshona magauni na suruali za kitambaa, bei yake naimudu, na anasema jinzi ataiweza mradi kitambaa nilete mwenyewe. Sasa nikiingia dukani naona majora ya bluu yamepangana, machoni pangu yote yaleyale, bei kila moja na yake. Nachaguaje? Na nimwambie nini fundi asije akanishonea ovaroli?

Mzee wa Jora:

Binti yangu, rangi iache kwanza. Anza na uzito.

Denimu, yaani kitambaa cha jinzi, huuzwa kwa wakia, maana yake uzito wa yadi moja ya mraba. Wakia 1 kwa yadi ya mraba ni kama gramu 34 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ukikuta duka linalotumia gramu hesabu ni nyepesi. Wakia 5 hadi 8 ni ya mashati na magauni. Suruali ya kuvaa kila siku inataka 10 hadi 13. Ukifika 14 na kuendelea, cherehani ya fundi wa magauni itaanza kulalamika, hasa pale mkanda unapokatiza mshono wa ubavuni, maana hapo matabaka yanarundikana hata sita au zaidi. Kwa fundi uliyemtaja mimi ningenunua wakia 10 hadi 12, yaani gramu 340 hadi 410, nisitamani zaidi.

Muuzaji asipojua uzito, na wengi hawajui, pima kipande chenyewe. Kipande cha mita 1.5 kwenye jora la upana wa mita 1.5 kina mita za mraba 2.25. Kikiwa na gramu 900 kwenye mizani, gawanya: gramu 400. Umeshajua ulichonacho mkononi, lebo iseme inavyotaka.

Baada ya hapo kigeuze. Denimu ya kawaida ina nyuzi za mtande, zile za urefu wa jora, zilizotiwa rangi na nyuzi za mshindio, zile za upana, zilizoachwa nyeupe, na mtande hupita juu ya mshindio mitatu kisha chini ya mmoja. Ndiyo sababu mbele ni bluu, nyuma ni nyeupenyeupe, na ile mistari ya mshazari inaonekana. Nyuma ikiwa bluu sawasawa na mbele, huenda kimetumbukizwa kwenye rangi kikiwa kimeshafumwa. Chomoa uzi mmoja wa bluu pembeni, uusokotoe kinyume mpaka ufunguke, utazame katikati. Nili, ile rangi ya bluu ya jinzi, haipendi kuzama, hukaa nje ya uzi kama ganda, ndani panabaki peupe. Ukiuona ule weupe, jua suruali itapauka pale unapokunja goti na pale unapokalia, ule mpauko ambao watu wanaulipia. Uzi ukiwa bluu hadi kiini, si lazima kitambaa kiwe kibaya, ila usitegemee kipauke namna hiyo.

Sasa ujanja wa wauzaji. Kitambaa dhaifu hujazwa wanga kikawa kigumu kama turubai, nawe ukadhani ni kizito. Kifikiche kwa viganja viwili kwa nguvu, sehemu ileile, kama unafua kola. Kikitoa vumbi jeupe na kulegea, ule ugumu ulikuwa wa wanga. Kinyanyue kwenye mwanga: ukiona vitobo vidogovidogo kila mahali, kimefumwa kwa ubahili. Halafu kishike kwa vidole gumba vya mikono miwili, karibu karibu, uvute kwa upana. Nyuzi zikiteleza na kuacha pengo, mshono wa makalio utafanya vivyo hivyo siku ya kwanza utakapochuchumaa.

Leso nyeupe nayo haikosi kazi. Sugua ikiwa kavu, kisha ikiwa na unyevu. Nili yoyote itaacha alama kwenye leso yenye unyevu, usishtuke. Ikichuja sana kwenye leso kavu, kitambaa hakikusuuzwa vya kutosha, na kochi lako la rangi ya krimu ndilo litakalolipa.

Kuhusu nyuzi zenyewe, mimi ni mtu wa pamba tupu. Omba kijipande, ukafanyie kazi nyumbani juu ya sinki, si dukani. Chomoa uzi wa mtande na uzi wa mshindio, uchome kila mmoja peke yake, kwa sababu poliesta hupenda kujificha kwenye mshindio. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka kama karatasi, na jivu lake ni laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Na kabla ya mkasi kugusa kitambaa, kifue. Sanford Cluett alipata hataza mwaka 1930 ya mashine inayokirudisha kitambaa, yaani kukifanya kisinyae, kikiwa bado kiwandani, na denimu iliyopita huko hurudi asilimia 1 hadi 3 tu. Isiyopita inaweza kurudi asilimia 10. Kwenye mguu wa sentimita 80 hizo ni sentimita 8, yaani suruali imekuwa ya mdogo wako. Fua kwa maji ya moto kuliko utakavyowahi kutumia, na kama unatumia mashine ya kukaushia, ipitishe humo pia. Ncha zipigwe zigizaga kwanza zisifumuke.

Kijana wa Pindo:

Mzee shikamoo. Vipi zile zenye ukingo wenye uzi mwekundu? Naambiwa ndiyo denimu halisi na nyingine zote ni mchezo. Bei yake lakini inatisha.

Mzee wa Jora:

Marahaba. Ukingo ule unakwambia mashine iliyofuma, haukwambii kitu kuhusu pamba. Mashine za zamani za kurusha chombo kidogo chenye uzi huku na huku hufunga ukingo zenyewe, na hutoa kitambaa chembamba, kama sentimita 75 hadi 80. Mashine za kisasa hutoa upana wa mita 1.5 au zaidi na ukingo wenye mashada ya nyuzi. Kiwanda cha White Oak pale Greensboro, Marekani, kilichokuwa kinajulikana kwa denimu hiyo, kilifungwa mwisho wa 2017. Wajapani wa Okayama wanaendelea nayo, na kweli wengi wao hutumia uzi mzuri. Lakini wapo pia wanaofuma uzi hafifu kwenye mashine ya zamani na kuuza ule uzi mwekundu.

Halafu piga hesabu ya fundi. Kwenye jora pana mtu mzima wa kawaida anatosheka na mita 1.3 hadi 1.5. Kwenye lile jembamba andaa mita 2.5 na ushee. Kama hukunji pindo nje watu wakauona ukingo, mimi sioni unachonunua.

Shangazi Sindano:

Mzee amemaliza upande wa kitambaa, isipokuwa hapo kwenye pamba tupu nampinga. Mama Pacha tatizo lake ni paja na kiuno kutopatana. Elastani, yaani uzi unaovutika, ya asilimia 1 au 2 itamsaidia kukaa na kupanda ngazi bila mkanda kumkata tumbo. Kuzidi hapo ndipo magoti yanapotoka mabonge. Jaribio lake ni jepesi: weka alama mbili kwa kalamu, umbali wa sentimita 10 kufuata upana, vuta, shikilia kidogo, achia, pima tena. Alama zikibaki zimeachana waziwazi, rudisha jora mahali pake.

Nije kwenye gharama, maana hapo ndipo watu wanapobanwa. Kwenye jinzi unalipia saa za fundi. Mishono inakunjwa na kupigwa mara mbili, mifuko ni mitano, zipu ina vipande vyake, vishikio vya mkanda kila kimoja kinataka kupigwa juu na chini. Punguza kazi, bei itashuka yenyewe. Mfuko mdogo wa sarafu, achana nao. Mapambo ya uzi kwenye mifuko ya nyuma, achana nayo. Ribiti pia, vile vijipini vya chuma kwenye pembe za mifuko. Jacob Davis, aliyepata hataza ya ribiti pamoja na Levi Strauss mwaka 1873, alikuwa fundi kama sisi, kule Reno, Nevada, na alizipiga kwa sababu mifuko ya wateja ilikuwa inachanika kwenye pembe. Leo zigizaga fupi iliyobanana kwenye pembe hiyohiyo inashika vizuri kabisa. Mishono ya ubavuni unaweza kukubali ovaloki na mstari mmoja wa juu.

Pa kutobania ni mshono wa kati, ule unaotoka kwenye zipu kupita chini hadi mkanda wa nyuma. Huo ukunjwe, upigwe mara mbili, bila mjadala. Zipu iwe ya chuma. Uzi wa juu uwe mnene wa poliesta, wa bobini uwe wa kawaida, na urefu wa mshono milimita 3 hadi 3.5, kwani mishono midogo sana inakitoboa kitambaa kama stempu. Sindano nunua wewe, za denimu, namba 100 au 110, umpelekee pakiti. Fundi wa magauni hana, na akilazimisha sindano nyembamba itavunjika au itaruka mishono, kisha atasema kitambaa chako ni kibovu. Pale panaporundikana matabaka apige nyundo kwanza, kisha azungushe gurudumu la cherehani kwa mkono.

Umbo sasa. Usimpe fundi picha ya kwenye simu. Mpe jinzi yako ya zamani iliyokukaa vizuri mapajani, hata kama imechanika, uikubali ife. Aifumue upande mmoja tu, apige pasi vile vipande, avichore kwenye karatasi. Ule upande mwingine aubakize mzima autazame anaposhona. Hiyo ndiyo pateni yako, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba karatasi inarudi kwako.

Kupwaya kwa nyuma kunatibiwa kwenye kile kipande kilicho juu ya mifuko ya nyuma, chenye umbo la V. Mwambie akipinde zaidi, na mkanda aukate kwa mviringo, usiwe utepe ulionyooka. Mkanda ulionyooka kwenye kiuno kilichoingia ndani lazima uachie upepo. Apige bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, uvae, ukae kwenye kiti, uchuchumae, uinue goti. Ukiona mikunjo inatoka katikati kuelekea mapajani, kina cha mbele, yaani urefu kutoka makutano ya mishono katikati ya mapaja hadi juu ya mkanda, au paja limebana. Mkanda ukishuka nyuma unapokaa, kina cha nyuma ni kifupi, na hicho hakirekebishwi mambo yakishashonwa. Mstari wa rangi ya dhahabu upigwe baada ya hapo.

Jambo lingine atazame mtande unashuka wima katikati ya mguu. Mafundi wakitaka kuokoa kitambaa huzungusha kipande kidogo tu, na ukishafua mara mbili mshono wa ubavuni unahamia mbele ya goti.

Ila kabla ya yote haya, Mama Pacha, nikuulize: je, zipo za dukani zinazokukaa mapajani na kwenye makalio, tatizo likiwa kiuno peke yake? Kama ndivyo, nunua hiyo, fundi atoe mkanda nyuma na kupunguza katikati. Ni kazi ya saa chache. Hadi sentimita 4 hivi inakubali. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana hadi inachekesha.

Kijana wa Pindo:

Shangazi, na anayetaka kumtumia vipimo fundi wa nyumbani aliko mbali? Mimi fundi wangu wa siku zote sitaki kumwacha.

Shangazi Sindano:

Pima suruali, usipime mwili. Mwili kila mtu anaupima kwa mkono wake, mmoja anabana futi, mwingine anailegeza. Tandaza suruali inayokukaa mezani, funga zipu, inyooshe bila kuivuta. Andika kiuno, nyonga kwa umbali uleule kutoka juu, paja chini kidogo ya mshono wa kati, goti, mdomo wa mguu na mguu wa ndani. Vipimo vinavyosahaulika ni viwili, kina cha mbele na kina cha nyuma, kutoka makutano ya mishono hadi juu ya mkanda, na hivyo ndivyo vinavyoharibu suruali. Bora zaidi akipatikana msafiri, mpe suruali yenyewe ya zamani. Na mwambie fundi asikunje pindo. Utalikunja huku, baada ya kuivaa na kuifua.

Mama Pacha:

Nawashukuru mno. Kiuno peke yake kwa jinzi mbili nilizonazo, kwa hiyo hizo naanza kuzipunguza. Lakini ya kushonesha bado naitaka, na naitaka nyeusi. Yote mliyosema yanafaa kwenye nyeusi?

Mzee wa Jora:

Uzito, wanga, kuchoma uzi, kufua kwanza, hayo ni yaleyale. Lile la kutazama kiini cha uzi halikuhusu sana. Denimu nyeusi mara nyingi hutiwa rangi ya salfa, si nili, na hupauka kuelekea kijivu. Tazama mshindio: ukiwa mweusi nao, suruali itakaa nyeusi muda mrefu zaidi. Ukiwa mweupe, magoti yataanza kuonyesha mapema. Ifue ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji ya baridi, na dawa ya klorini isiikaribie, kwani inaimaliza rangi na elastani kwa pamoja. Nunua ya mita 1.5 yote kutoka jora moja, usiongezee kipande cha jora jingine hata muuzaji akikuapia kwamba zinafanana.