Majirani wa Bustanini: lile bango la droni

Mama Pili: Jamani mmeona bango jipya pale geti la bustani? Limechorwa droni alafu mstari mwekundu umepita juu. Jana halikuwepo

Baba Pacha: Nimeliona. Afadhali. Jumamosi kile kidude kimelia juu ya kichwa kama nyuki, pacha wakashindwa kulala kwenye kigari chao

Dogo: Shikamooni wakubwa. Ilikuwa droni moja tu baba pacha, tena ndogo 😭

Baba Pacha: Kumbe ni wewe!

Bibi: Marahaba. Wewe ndiye uliyekisimamisha juu ya kamba yangu ya nguo?

Dogo: Bibi haikusimama, ilikuwa inarudi. Upepo tu uliisukuma

Mjomba: Ikirudi tena mi nnayo manati. Nasema mapema asije mtu akalia hapa

Mwenyekiti: Mjomba taratibu. Kikundi hiki ni cha majirani

Dogo: Alafu mi nauliza tu, halmashauri imenunua mbingu lini? Anga ni ya mamlaka ya usafiri wa anga. Halmashauri ibaki na nyasi zake na mabenchi

Fundi: Dogo umesema kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndo inayowaponza watu. Mi hizi droni ndo kazi yangu napimia ardhi kwa hiyo ngoja niseme. Ukitaka kujua urushe juu kiasi gani, umbali gani na watu, uwe umesajiliwa au la, hayo ni ya mamlaka ya anga, halmashauri haina sauti hapo. Lakini ardhi ya bustani ni ya halmashauri, na mwenye ardhi ndo anayesema nani aruke kutoka pale na nani atue pale. Ndo maana sheria ndogo nyingi za bustani ukizisoma vizuri haziandiki "kupita angani", zinaandika kurusha na kutua. Mama Pili bango limeandikwaje maneno yenyewe?

Mama Pili: Nipo mbali na geti sasa hivi nikirudi napiga picha

Dogo: Sasa si ndo hapo Fundi!! Nasimama nje ya uzio, barabarani, narushia pale, inaingia bustanini kwa juu, inarudi inatua barabarani. Nyasi zao sijazigusa

Baba Pacha: Huyu mtoto angesomea uwakili

Fundi: 😂 ujanja huo wengi wameufikiria kabla yako. Ukitoka kwenye sheria ya bustani unaangukia kwenye ya anga. Nchi nyingi juu mwisho mita 120. Uwe unaiona kwa macho yako mwenyewe muda wote, sio kwenye skrini, na ile miti ya katikati ikishakukinga huioni tena. Watu wasiohusika ukae nao mbali, kuna nchi ni mita 30 kuna nchi ni 50, na juu ya mkusanyiko wa watu usipite kabisa. Sasa nionyeshe Jumamosi jioni pale bustanini utapita wapi ubaki na mita 30 kutoka kwa kila mtu

Dogo: Lakini yangu ni gramu 249. Chini ya 250 sheria hazikuhusu, kila mtu anajua

Fundi: Kila mtu anajua vibaya. Kampuni zinatengeneza 249 makusudi kwasababu 250 ndo mstari nchi nyingi zimeuchora, na ni kweli chini ya hapo unapunguziwa masharti. Unapunguziwa, sio unafutiwa. Kule Umoja wa Ulaya hata iwe nyepesi, ikishakuwa na kamera na sio mdoli wa watoto mwendeshaji anajisajili. Na mkusanyiko wa watu hupiti juu yake hata na hiyo ya gramu 249. Alafu bango la bustani halina mzani, linasema droni basi

Mjomba: Haya mambo ya gramu waachieni wauza dhahabu. Manati haiulizi gramu

Fundi: Mjomba hiyo manati iweke kabisa. Marekani kwa mfano droni inahesabika ni ndege, ukiitungua ni kosa la serikali kuu. Na ukiipiga ikizima itamwangukia nani? Hao hao pacha

Mjomba: Duh. Yaani inichungulie alafu mkosaji niwe mimi

Mama Pili: Kwangu mi hicho kuchungulia ndo shida kubwa kuliko hizo mita. Ikipita juu hujui inarekodi au hairekodi, hujui nani ameshika rimoti, huwezi hata kumwambia acha. Mtu akinipiga picha na simu namuona

Dogo: Mama Pili lenzi yangu ni ya upana, ukiwa mita 50 juu mtu anaonekana kama punje

Mama Pili: Na mi nitajuaje yako ni ya upana?

Dogo: 🙏🏾 hapo sina jibu

Baba Pacha: Mi kelele na picha naweza kuvumilia, yale mapanga yake yanayozunguka ndo siwezi. Uingereza 2015 mtoto mdogo alipoteza jicho, na aliyekuwa anarusha alikuwa rafiki wa familia, mzoefu tu, droni ikagusa mti ikapoteza mwelekeo. Niliisoma nikiwa nimembeba mmoja wa hawa. Sijaisahau

Fundi: Mti, ndo hapo sasa. Dogo Jumamosi ulibonyeza irudi yenyewe si ndio?

Dogo: Ndio. Betri ilianza kulia

Fundi: Umeweka irudi kwa urefu gani?

Dogo: Sijagusa hiyo seting

Fundi: Ona. Ikirudi yenyewe inapanda mpaka ule urefu uliowekwa alafu inanyoosha mstari hadi ilipoondokea. Kama urefu ule uko chini ya miti inaingia matawini, na hizi ndogo nyingi pembeni hazina vihisi vya kuona kizuizi. Pima mti mrefu kuliko yote unaouona, ongeza mita kadhaa, ndo uweke, tena kabla ya kuruka. Na kama ilianguka kagua betri, ikishavimba usichaji tena, zinawaka moto hizo

Dogo: Haijavimba. Panga moja lina ufa

Fundi: Badilisha yote mawili ya mkono ule, usirushe na ufa

Mwenyekiti: Mi naona halmashauri imekimbilia marufuku kwasababu ni rahisi. Toka Gatwick kule Uingereza Desemba 2018, watu waliposema wameona droni uwanja wa ndege mzima ukasimama siku mbili karibu, safari kama 1,000 zikavurugika na hakuna aliyetiwa hatiani, kila mwenye madaraka akisikia droni anaweka bango. Wangeweza kutenga kona moja na masaa, asubuhi mapema watu hawapo

Baba Pacha: Asubuhi mapema sina neno. Wasiizungushe tu kwenye viota, ndege wanatelekeza mayai

Mama Pili: Picha hii hapa 📷 limeandikwa "Hairuhusiwi kurusha wala kutua droni bila kibali cha maandishi"

Fundi: Umeona! "Bila kibali". Sio marufuku kamili. Dogo andika barua, taja siku, saa, kona gani, uzito, namba ya usajili, na kwamba utaweka mtu wa pili aangalie watu wakati we unaangalia droni

Dogo: Mtu wa pili nani sasa

Baba Pacha: Usinitazame

Mjomba: Nitakaa mimi. Ikitoka nje ya kona nipo karibu

Mwenyekiti: Bila manati Mjomba

Mjomba: 👍🏾

Bibi: Na ile video yenye nguo zangu?

Dogo: Nimeifuta Bibi, kweli. Nisamehe sana

Bibi: Yote?

Dogo: Yote

Bibi: Haya. Mashuka yalikuwa yametakata lakini?

Dogo: Sana Bibi 😂