Chai ya viungo kwa mzee anayetumia vidonge vya presha: je, inafaa?

Mwana wa Wete

Assalamu alaykum. Naomba ushauri kuhusu baba yangu, ambaye anaishi Wete, Pemba, na ametumia vidonge vya presha kwa miaka kadhaa sasa. Tangu Ramadhani iliyopita analalamikia ganzi ya nyayo, na ikifika jioni vifundo vya miguu yote miwili huvimba. Jirani mmoja amemletea mchanganyiko uliofungwa katika karatasi, na ndani yake, kwa maelezo aliyopewa, mna karafuu, mdalasini, tangawizi kavu, thomu (kitunguu saumu) iliyokaushwa na choya (maua mekundu ya rozela), vyote vimesagwa pamoja. Ameelekezwa achemshe vijiko viwili vya chakula katika nusu lita ya maji, anywe asubuhi na jioni, ili mishipa izibuke na damu itembee vizuri.

Mimi sipingi viungo, kwani sote tumelelewa kwa chai ya mchaichai na tangawizi. Linalonitia wasiwasi ni kwamba mzee ameanza kusema kuwa vidonge sasa havina haja. Anatumia amlodipine, ambayo ndiyo dawa yake ya presha, na aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku. Je, kinywaji hiki kina manufaa yoyote ya kweli, na kinaweza kunywewa pamoja na dawa hizo?

Bi Mkubwa wa Mkoani

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mpe baba yako salamu zangu na umwambie kwamba chai ya viungo si haramu kwake, lakini unga wa kufungiwa na mtu mwingine mimi siuamini hata kidogo. Kikishasagwa kitu, hujui tena kama kilichomo ni karafuu yenyewe au makonyo yaliyobaki baada ya kuchambuliwa, wala hujui kama tangawizi ilianikwa ikakauka au iliwekwa gunia moja na ukungu wake.

Kwetu viungo huingia katika birika vikiwa vizima, na kila kimoja kina wakati wake. Gamba la mdalasini na vipande vya tangawizi iliyopondwa kidogo hutangulia, kwa sababu ni vigumu na hutaka moto wa kutosha. Mchaichai huoshwa, majani mawili matatu yakafungwa fundo ili yasitawanyike, yakatiwa maji yakishachemka; birika hufunikwa mara moja na kuepuliwa, maana harufu yote unayoisikia jikoni ni ile iliyokwisha kutoka katika chai. Karafuu ni punje mbili au tatu kwa birika zima la watu wanne. Anayetia kiganja kizima hanywi chai tena, anakunywa dawa, na dawa ina masharti yake. Choya sisi huipika peke yake, kwa sababu ukali wake hauelewani na viungo vingine.

Baraza la Chake

Kwa heshima zote, naona tunamtisha mzee bila ya sababu. Wazee wetu walikunywa hizi hizi karafuu na thomu, wakapanda mikarafuu kuchuma wakiwa na umri mkubwa, na hapakuwa na mtu wa kuwapima presha. Kama anajisikia mwepesi, tumwache aendelee.

Mfamasia wa Mjini

Nashukuru kwa michango iliyotangulia, na namuunga mkono Bi Mkubwa karibu kwa kila alilosema. Kwa Ndugu wa Baraza nina jibu moja tu: wazee wale hawakuwa wakimeza aspirini na amlodipine pamoja na karafuu zao, na waliofariki ghafla kwa kiharusi hatukuwa na namna ya kujua presha yao ilikuwa ngapi. Presha ya juu kwa kawaida haina dalili, kwa hiyo mtu kujisikia mwepesi hakutuelezi lolote kuhusu mishipa yake.

Katika mchanganyiko huo, kitu chenye ushahidi wa kueleweka juu ya presha ni choya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo na ambao hawakuwa wakitumia dawa za kuishusha. Waliokunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa muda wa wiki 6 walishuka namba ya juu ya presha kwa wastani wa takriban milimita 7 za zebaki, na waliopewa kinywaji cha kufananisha kisicho na choya walishuka kwa takriban milimita 1. Ni nafuu ya kweli, lakini ni ndogo, na haitoshi kwa mtu aliyekwisha kuandikiwa vidonge. Akiongeza choya nyingi juu ya vidonge, presha inaweza kushuka kupita kiasi akapata kizunguzungu anaposimama, jambo ambalo kwa mzee huweza kuishia kwa kuanguka.

Thomu, tangawizi na karafuu, kwa kipimo cha mchuzi au chai ya kawaida, hazina tatizo. Kwa kipimo cha vijiko viwili vya unga mara mbili kwa siku, hali ni nyingine, kwa sababu zote tatu zina viambata vinavyopunguza uwezo wa damu kuganda, na aspirini inafanya kazi hiyo hiyo. Akiona damu ya pua, ufizi unaotoka damu, michubuko isiyo na sababu au choo cheusi, aache unga huo na aende hospitali. Anayetumia warfarin, dawa kali ya kuzuia damu isigande, ndiyo kabisa asiuguse bila ya kumshauri daktari wake. Kuhusu mdalasini, ule wa gamba nene na gumu unaoagizwa kutoka nje, uitwao kasia, una kiasi kikubwa cha kumarini, ambayo ikizidi huweza kudhuru ini. Wa gamba jembamba linalojikunja tabaka kwa tabaka una kiasi kidogo sana. Katika unga huwezi kuitofautisha.

Sasa nirudi kwenye miguu yenyewe, ambayo naona imesahauliwa. Amlodipine inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, hasa jioni, na uvimbe huo hauondoki kwa kuzibua mishipa. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, na mara nyingi hilo hutosha. Ganzi ya nyayo ni jambo jengine, na huweza kuwa dalili ya kisukari. Je, mzee amewahi kupimwa sukari?

Mwana wa Wete

Nashukuru sana nyote. Kwa kweli hajapimwa sukari, na nimeuliza nyumbani nikaambiwa kwamba, kwa ajili ya ukali wa mchanganyiko huo, hutia vijiko vinne vya sukari katika kila bilauri. Nimemwomba asimamishe unga, amekasirika kidogo, ila amekubali kunywa chai ya mchaichai ya nyumbani badala yake.

Mfamasia wa Mjini

Basi hiyo sukari ndiyo ya kuanza nayo. Mpelekeni akapimwe kabla ya kula chochote asubuhi, na mchukue vidonge vyote pamoja na ile karatasi ya unga mumwonyeshe daktari, bila ya kuona haya. Vidonge asiache hata siku moja kabla ya kuonana naye. Kama mna kipimo cha presha nyumbani, apimwe asubuhi na jioni akiwa amekaa na kupumzika dakika 5, namba ziandikwe katika daftari.

Uvimbe ukiwa wa mguu mmoja tu, ukaambatana na joto na maumivu ya misuli ya nyuma ya mguu huo, msingojee siku ya kliniki. Huenda ni damu iliyoganda, na hiyo hupelekwa hospitali siku ile ile.