Samaki wangu, kuhe, kapokonywa mezani, kageuzwa, kapelekewa mtu mwingine. Mbele ya mama mkwe!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka na tumbo halina samaki. Imetokea leo mchana, hapa hapa Kigoma mjini, pale mnapopajua. Sitaji jina, sina hela ya wakili. Ila mnapajua. Ile ya viti vya plastiki ambavyo kabla hujakaa unaviomba ruhusa kwanza.

Picha linaanza hivi. Mama mkwe kashuka asubuhi kutoka Kasulu, mara yake ya kwanza kuja kwangu tangu nioe. Mke wangu yuko kazini. Nikasema nisimpeleke mama nyumbani akakutane na masufuria ya jana, nimpitishe mahali akale samaki wa ziwani kwa heshima zote. Mama mkwe, wakuu. Mtu ambaye hata kukohoa mbele yake unajipanga.

Tumekaa saa saba kamili. Dada wa kuhudumia kaja saa saba na robo, simu sikioni, kafuta meza kwa kitambaa kilichoacha meza chafu kuliko kilivyoikuta. Nikaagiza kuhe mmoja mkubwa wa kuchoma, ugali wa muhogo, na maharage ya mawese pembeni. Kasema "nakuja", huku anaondoka.

Saa nane, hola. Saa nane na nusu, hola. Nimemuita, ananijibu kuhe yuko jikoni. Sasa dada yangu, mimi nilidhani yuko benki? Meli yetu ya Liemba ilizamishwa ziwani 1916, ikaibuliwa 1924. Leo ndiyo nimeona wale watu walifanya haraka.

Mama kimya muda wote. Anakunja upindo wa kitenge, anaukunjua, anaukunja tena.

Saa tisa kasoro kuhe akafika. Na haki ya Mungu sitamsingizia, alikuwa kuhe haswa. Ngozi imekaukia vizuri, kachanjwa mistari mitatu, ndimu na pilipili ya kusaga pembeni, mafuta bado yanachemka juu yake. Tukanawa. Mama akasema, "Anza, baba." Nikasema, "Hapana mama, anza wewe." Tumevutana hapo kama dakika mbili nzima, mwisho nikamega mimi, pale mgongoni karibu na kichwa, nikamuwekea mama kwenye ugali wake. Nikamega na changu. Nimekichovya kwenye pilipili, kiko njiani kuja mdomoni.

Mkono ukapita juu ya bega langu. Ukabeba sahani.

"Samahani kaka, huyu ni wa meza ile."

Nikabaki nimeshika kinyama changu hewani kama naapishwa. Nageuka, namuona dada anaenda na kuhe wangu. Kufika katikati ya meza na meza akasimama. Akamtazama samaki. Akaona shimo nilipomega. Sasa nikajua hapa atarudi, ataomba radhi, maana samaki kashaliwa huyu. Wakuu, alimshika mkia kwa vidole viwili AKAMGEUZA. Upande mzima juu, shimo chini. Akaokota ndimu akaiweka vizuri. Akaenda kwa mzee mmoja amevaa kofia, akamwambia "karibu baba", na mzee akashukuru!

Akamgeuza! Saa mbili nzima nilidhani yule dada hana akili, kumbe anayo, anaitunza kwa kazi maalumu.

Nimesimama niongee, mama akanigusa mkono. "Kaa, baba." Nikakaa. Tumekula ugali na maharage kimyakimya, na kale kakipande ka mama akakakata mara mbili anigawie. Hapo ndipo roho ilipouma kabisa. Yaani mgeni wangu ndiye ananilisha mimi.

Bili sasa. Ugali mbili, maharage, soda mbili (za moto, lakini hayo tuyaache), halafu chini kabisa kwa kalamu ya bluu: kuhe nusu, 9,000. Nikauliza hii nusu ni ya nini? Mama wa kaunta hakuinua hata macho. "Si mlishammega?"

Nimelipa. Ndiyo, nimelipa, najua mtasema. Mama mkwe kasimama mlangoni na pochi yake, mlitaka nirushe ngumi kwa elfu tisa?

Njia nzima hakusema neno. Tumefika nyumbani, kavua viatu, kakaa kwenye kochi, ndipo akasema, "Ila ule upande wa pili wa yule samaki ulikuwa mzuri."

AKAMGEUZA wakuu. Mwenye pale najua yumo humu ndani. Soma.

Mwana wa Gungu: Nimevuta kigoda. Uzi mtamu kuliko huyo kuhe.

Fundi Pampu: Bila picha ya samaki hii ni chai. Tena ya tangawizi.

Mleta uzi: Picha ningepiga kwa mkono upi, wenye ugali au wenye pilipili?

Bi Mchele: Mwanaume mzima unapokonywa samaki mkononi, unakaa, halafu unalipa nusu. Siku wakija wezi nyumbani kwako utawashikia tochi.

Mwana wa Gungu: Na atawaambia karibuni tena 😂😂

Sijui Kitu: Mimi naona nusu ni bei halali. Mgongo wa karibu na kichwa ndiyo penyewe kwa kuhe. Umekula cha maana ukamuachia mzee miiba.

Mleta uzi: CHANGU SIJALA. Kipande kilikuwa hewani! Baada ya hapo nilikirudisha kwenye ugali, nikamuachia mama.

Kofia Tatu: Ngoja kwanza. Leo, saa tisa hivi? Meza ya karibu na karo la kunawia? Kijana, mimi ndiye mwenye kofia. Nimekula upande wa juu nikasifia kabisa, namgeuza nakuta shimo. Nikamuita yule binti nikamuuliza, akanijibu kwamba huyo alijeruhiwa na mwenzake huko huko ziwani. Nikaona ni sawa, ziwa lina mambo yake. Nimelipa samaki mzima, 18,000. Swali langu ni moja tu. Ulinawa kwa sabuni?

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Ilikuwepo sabuni ya maji, ila imeongezwa maji mpaka imesahau kazi yake.

Kofia Tatu: Marahaba. Basi yaishe.

Hesabu za Mtaa: Subirini. 9,000 jumlisha 18,000. Kuhe mmoja kauzwa 27,000 na hakuna aliyemmaliza. Yule mama wa kaunta apewe Wizara ya Fedha.

Fundi Pampu: Huyo mwenye kofia ni akaunti ya pili ya mleta uzi. Siku hizi chai inaletwa na vitafunwa vyake.

Trei Kichwani: Mimi nimehudumu mezani miaka minne, sio hapo. Mnajua kulaumu tu. Mteja anaagiza soda moja, anachaji simu mbili, anakuita kwa kufyonza mdomo kama anaita paka. Una meza nane peke yako. Glasi ikivunjika unakatwa wewe. Mtu akitoroka na bili unakatwa wewe. Chakula kikienda meza siyo, kinakatwa kwenye mshahara wako, na mshahara wenyewe mnaujua. Samaki wa 18,000 ni siku ngapi za kazi? Angefanyaje? Ndiyo maana kamgeuza.

Mwana wa Gungu: Umeeleza vizuri dada. Ila kamgeuza.

Trei Kichwani: Mimi kaka.

Bi Mchele: Na nyie wahudumu chenji mnapeleka wapi? Mimi nilitoa elfu kumi kwa supu ya 3,000, kaniambia nakuja. Hii ni Ramadhani ya pili.

Mzee wa Marekebisho: Sahihisho dogo kwa mleta uzi. Liemba iliibuliwa 1924, ila safari ilianza tena 1927. Kwa hiyo kutoka kuzama hadi kurudi kazini ni miaka kumi na moja, si minane.

Sijui Kitu: Na walioizamisha ni Wajerumani wenyewe, haikuzamishwa na bomu. Walipaka grisi kwenye mitambo kwanza ili isile kutu. Wale walijua kutunza kitu cha mteja.

Mzee wa Marekebisho: Kipindi hicho haikuitwa Liemba, iliitwa Graf von Goetzen. Jina la Liemba walilipa Waingereza.

Mleta uzi: Wakuu, mtu kanyang'anywa samaki mdomoni, nyie mnaongelea meli??

Abiria wa Daraja la Tatu: Hiyo ni huduma mbovu? Mimi natoka Dar na treni, tumefika stesheni ya Tabora usiku, jamaa kaja dirishani na asali kwenye chupa ya maji. Kanionjesha kwa kijiti, asali kweli kabisa. Nimelipa, treni ikaondoka. Kufika Urambo nafungua naonja, sukari guru imechemshwa. Kumbe kijiti kilikuwa na chupa yake! Nimekaa nayo mpaka Uvinza naitazama tu.

Unyanyembe Asilia: Heshimu Tabora. Aliyekuuzia si mwenyeji, huyo alishuka behewa la nyuma la treni hiyo hiyo mliyopanda. Mnyamwezi hawezi kuichezea asali.

Abiria wa Daraja la Tatu: Alinisalimia "mwangaluka" usiku wa manane. Huyo ni mwenyeji gani?

Unyanyembe Asilia: Umeona sasa. Mwangaluka ni ya asubuhi. Umejibu mwenyewe.

Kijana wa Mwandiga: Mimi nashangaa hiyo 18,000. Mwaka 2024 walipofunga ziwa kuanzia Mei 15 tuliambiwa tuvumilie samaki wazaliane. Agosti 15 likafunguliwa, ila bei hadi leo iko likizo huko juu. Kwangu ni dagaa tu.

Bi Mchele: Dagaa wa wapi? Usije ukawa unatafuna wale wa Mwanza wenye mchanga halafu unajiita mtu wa Kigoma.

Mtoto wa Mwaloni: Mwanza tumekaa kimya tangu mwanzo wa uzi. Tusichokozane.

Bi Mchele: Dagaa gani mnamkaanga kwa mafuta ya alizeti. Mawese mnayajua?

Mtoto wa Mwaloni: Angalau sisi hatumgeuzi.

Mleta uzi: Asante ndugu yangu wa Mwanza, wewe pekee umeelewa mada. AKAMGEUZA. Na sasa hivi mke wangu karudi kazini, mama anamsimulia upya, kafika pale pa mkia, wote wawili wanacheka mpaka wanashikana. Mimi niko nje hapa nawasikia.

Fundi Pampu: Mwisho wa siku umekula nini lakini?

Mleta uzi: Mama kapika magimbi.

Kijana wa Mwandiga: Aliyeko Kibirizi sasa hivi, dagaa wakavu sado wanauzaje?

Mtoto wa Mwaloni: Wasafi au wa kuchambua?

Kijana wa Mwandiga: Wasafi.

Hesabu za Mtaa: Njoo inboksi.