Mafunzo mafupi ya wafanyakazi: semina siku mbili, nusu saa dukani au video za WhatsApp? Msaada wakuu

Fundi Stoo
Wakuu habari za mchana. Bosi kanipa kazi niandae mafunzo mafupi ya wafanyakazi kabla mwezi haujaisha, mimi msimamizi tu ualimu sijawahi hata siku moja. Mezani nina njia tatu. Kuna mshauri kaleta proposo yake, siku mbili ukumbini maeneo ya Sinza, chakula na cheti juu. Njia ya pili tufanye wenyewe asubuhi kabla ya kufungua, nusu saa nusu saa. Ya tatu kuna dogo hapa anasema turekodi video fupi fupi tuzitupe kwenye grupu la WhatsApp kila mtu aangalie kwa muda wake. Ipi inalipa? Bosi anataka jibu Ijumaa.

Kinyozi Sugu
Sinza. Pilau ya semina haijawahi kumuacha mtu.

Mama Tegeta
Mleta mada umeandika aya nzima na hujasema mnafanya biashara gani, mko wangapi, hela ipo kiasi gani na hao watu wanakosea nini. Umeingia duka la dawa umesema nipe dawa. Dawa ya nini baba?

Fundi Stoo
Samahani dada. Duka la vifaa vya ujenzi, matawi matatu, Gerezani Kariakoo, Tegeta na Mbagala. Wafanyakazi 14 jumla. Mshauri anataka milioni 2.6 ukumbi humo humo. Mada ni kastoma kea maana wateja wanalalamika sana, hasa wa tailizi.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, najua mlikuwa mnataka kunisalimia. Kijana, wanalalamika NINI? "Kastoma kea" siyo shida, ni jina la folda. Mteja akirudi dukani kakasirika sentensi yake ya kwanza huwa ipi?

Fundi Stoo
Shikamoo mzee 😅 Ya kwanza huwa "mlinihesabia vibaya". Anaondoka na boksi 10, fundi anafika chumbani zinapungua, anarudi baada ya siku tatu kuongeza moja anakuta rangi haiendani kwa sababu ni bachi nyingine, yaani mzigo uliotengenezwa kiwandani wakati mwingine, hapo ndo matusi yanaanza. Mwingine kahesabiwa zimezidi boksi nne anataka kurudisha, huku ukutani tumeandika mali ikishauzwa hairudishwi.

Mwalimu Mstaafu
Basi mbona jibu umeshaanza kulitoa mwenyewe. Hapo tabasamu halihusiki, hapo kuna hesabu na kusoma namba ya bachi kwenye boksi. Sasa andika lengo kama mtu anayetaka kulipima. Kuna Mmarekani anaitwa Robert Mager, tangu 1962 alikuwa anawapigia watu kelele kwamba lengo la mafunzo lina vitu vitatu: mtu atafanya nini, katika hali gani, na kwa kiwango gani ukubali kwamba kaweza. "Waelewe umuhimu wa mteja" haipimiki. Hii inapimika: muuzaji akipewa chumba cha mita 4 kwa 3.5 na tailizi za 60 kwa 60 zinazokaa nne kwenye boksi, ataje idadi ya maboksi ndani ya dakika tatu bila kumwita msimamizi. Nyie wenyewe jaribuni tuone.

Kinyozi Sugu
10

Dogo wa Excel
Chumba skwea mita 14. Tailizi moja 0.36, mara nne ni 1.44 kwa boksi. 14 gawa kwa 1.44 ni 9.72 kwaiyo 10 kweli, ila hujaweka za kukata pembeni na za kuvunjika. Ukiongeza asilimia 10 inakuwa skwea mita 15.4, ukigawa unapata 10.69, boksi 11.

Mwalimu Mstaafu
Umeona. Kinyozi ndiye muuzaji wao wa Mbagala.

Kinyozi Sugu
😂😂 mzee umeniua

Dada wa Hesabu
Naomba niwasimulie ya kwangu maana nikisikia siku mbili ukumbini moyo unaenda mbio. Kuna kampuni nilifanya kazi zamani, jina naliacha, ilikuwa ya kusafirisha vifurushi na wateja walikuwa wanalalamika mizigo inachelewa kutoka. Wakaletwa watu wa mafunzo. Slaidi 94, nilizihesabu kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya, ukumbi AC imekufa kwahiyo madirisha wazi na nje kuna mtu anauza sabuni na spika, tunasimamishwa kila baada ya saa moja tupige makofi ya kilo tuseme mteja ni mfalme. Siku ya pili jioni tukapewa fomu yenye sura zinazocheka na zinazonuna, uzunguushie, ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mkufunzi alikuwaje. Wote tukazungushia zinazocheka, kuku alikuwa mzuri kwakweli. Cheti changu jina wakakosea wakaandika la kiume. Jumatatu nafungua dirisha mteja wa kwanza anataka mzigo wake, na mzigo hautoki mpaka meneja asaini karatasi, na meneja anatoka Mbezi na foleni anafika saa nne. Saa mbili mpaka saa nne nimemtabasamia yule baba, mwisho akaniuliza dada unacheka nini.

Hayo mafunzo yalikuwa mazuri kwa mujibu wa fomu.

Mama Tegeta
Pole mdogo wangu, nimecheka lakini inauma. Mimi niko HR na hiyo fomu ya sura ndio ngazi ya kwanza kabisa kwenye zile nne za Kirkpatrick, za mwaka 1959 hizo. Kwanza walipenda au hawakupenda, pili walijifunza kitu, tatu wakirudi kazini wanafanya tofauti, nne biashara imebadilika nini. Wengi tunaishia ya kwanza kwa sababu ni rahisi, unagawa karatasi watu wakiwa wameshiba. Fundi Stoo wewe una bahati ngazi ya nne unaiona kwa macho, hesabu tu wateja wangapi wamerudi kwa wiki kuongeza boksi au kurudisha. Anza kuhesabu sasa hivi kabla ya mafunzo, ukianza baadae utalinganisha na nini.

Dogo wa Excel
Mi bado nasimama na video. Unarekodi mara moja, mfanyakazi mpya akija anaangalia hizo hizo. Semina ikiisha imeisha. Halafu watu 14 matawi matatu kuwakusanya ni kufunga duka.

Mzee wa Gerezani
Video nani anaangalia? Sisi tulifanya, grupu lina tiki mbili za bluu nzima nzima, ukimuuliza mtu anakwambia bando liliisha. Na ukitaka wahesabu tailizi wape chaki na sakafu wahesabu, huwezi kujifunza kuogelea kwa kumtazama mwenzio anaogelea. Nusu saa asubuhi ndio mpango, tena mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, jambo lile lile linarudi na maswali tofauti. Ukimwambia mtu kitu mara moja kinapotea, huyu Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe hayo mambo akatoa kitabu 1885, kumbukumbu inashuka kwa kasi siku za mwanzoni kabisa.

Mama Tegeta
Asubuhi saa ngapi mzee wangu? Mfanyakazi wa Mbagala anaamka saa kumi tayari. Ukimleta nusu saa mapema mtamlipa? Au ndio "tujitolee kama familia"?

Mzee wa Gerezani
Kila tawi lifanye kwake, hakuna wa kuvuka mji. Na chai itolewe.

Mama Tegeta
Chai siyo hela.

Kipusa
Wakati huo huo tunakatwa tozo ya SDL kila mwezi eti ya kuendeleza ujuzi, si waende vyuo vya ufundi vya VETA bure tu

Dada wa Hesabu
Kipusa hukatwi wewe. SDL analipa mwajiri juu ya jumla ya mishahara, kwenye mshahara wako haitoki, angalia vizuri salari slipu yako utakuta ni PAYE, yaani kodi ya mshahara, na mfuko wa pensheni. 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Na inamhusu mwenye wafanyakazi kuanzia 10, kwaiyo bosi wa mleta mada yumo. Sehemu inaenda VETA ndio, ila haimaanishi unaingia bure.

Kipusa
Sasa mbona bosi wetu anatuambia anatukata??

Dada wa Hesabu
Fungua uzi wako hiyo tuijadili, hiyo ni kesi nyingine.

Konsalti Mweledi
Naona mshauri anapigwa mawe humu wakati hayupo. Mimi nafanya kazi hizi. Mtu wa nje anayejua kazi yake anafuata ADDIE, yaani anachambua kwanza, anasanifu, anatengeneza, anaendesha, anatathmini. Hiyo siyo ya mtaani, ilitengenezwa Florida State University mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani. Ukifanya mwenyewe utaruka hatua.

Mzee wa Gerezani
Jeshi lina muda na lina askari. Huku ni watu 14 na fuso la simenti limepaki nje linapiga honi. Tengeneza somo moja la dakika 20, lijaribu Jumanne kwa watu wawili, waliposhindwa rekebisha, Alhamisi wape wengine.

Konsalti Mweledi
Na hiyo bado ni ADDIE mzee, umeizungusha haraka tu.

Mama Tegeta
Konsalti swali moja. Huyo mwenzio wa milioni 2.6 kabla ya kuandika proposo alifika dukani akasimama kaunta hata saa moja?

Fundi Stoo
Nijibu mimi dada. Hajafika. Aliongea na bosi kwa simu.

Konsalti Mweledi
Hapo siwezi kumtetea.

Mwalimu Mstaafu
Fundi Stoo kabla ya Ijumaa fanya kitu kimoja. Simama kaunta siku nzima na daftari. Kila hesabu ikikosewa andika nani, saa ngapi na kwa nini. Halafu jiulize, huyu muuzaji ukimwekea elfu hamsini mezani ukamwambia hesabu sawasawa uichukue, ataweza? Kama ataweza, kujua anajua, kuna kingine kinamzuia na mafunzo hayatakisogeza. Kama hawezi hata kwa elfu hamsini, mfundishe.

Kinyozi Sugu
Mimi kwa elfu hamsini nahesabu mpaka tailizi za Ikulu

Fundi Stoo
Wakuu mrejesho. Jana nimeshinda tawi la Mbagala na daftari. Hesabu za tailizi zilizokosewa 7. Mbili ni kijana mgeni, huyo hajui kweli, anachanganya sentimita na mita. Tano zilizobaki ni wale wazoefu na nimeona kwa macho yangu. Simu zimepigwa marufuku kaunta tangu mwezi wa pili. Kalkuleta ipo moja na anakaa nayo keshia upande wa pili wa duka, foleni ikiwa ndefu mtu anaona uvivu kwenda kuiomba anakadiria kwa kichwa. Na stoo boksi za bachi tofauti zimepangwa mchanganyiko, anayetoa anachukua ya juu. Nikampa mmoja wao kalkuleta nikamuuliza chumba cha mzee cha 4 kwa 3.5, kajibu 11 hata dakika haijaisha.

Mwalimu Mstaafu
Kalkuleta bei gani siku hizi?

Mzee wa Gerezani
Za kawaida elfu kumi hazifiki, chukua nne. Na stoo piga chaki kila bachi na mstari wake.

Dogo wa Excel
Na yule mgeni je? Huyo video inamtosha 😎

Mama Tegeta
Mgeni akae na mzoefu siku tatu ahesabu yeye mwenzie anakagua. Umemuonyesha bosi daftari?

Fundi Stoo
Nimempelekea leo asubuhi, kasoma yote, kanisifia kabisa. Alafu ananiambia advansi ya ukumbi alishalipa juzi, nusu, na hairudishwi.

Dada wa Hesabu
Kama tailizi zenu 😭

Kinyozi Sugu
Sasa tuongee mambo ya maana. Ni pilau au biriani?

Fundi Stoo
Proposo imeandika "bufee". Nauli haijatajwa.

Mama Tegeta
Haijatajwa?? Mbagala mpaka Sinza siku mbili kwa nauli ya mfukoni? Hebu weka hiyo proposo hapa tuione.