Moshi wa Uingereza ulifikaje Norway?

mdadisi_tu: Wakuu, eti miaka ya 70 maziwa mengi ya kusini mwa Norway yaliisha samaki sababu ya makaa ya mawe yaliyokuwa yanachomwa Uingereza na Ujerumani, sasa moshi si unapotea hewani? Bahari unaivukaje?

fundi_kemia: Masizi makubwa ndo yanaanguka karibu mkuu, shida ni ile gesi, salfa dioksaidi. Njiani inaoksidishwa (inaongezewa oksijeni), hasa ndani ya matone ya mawingu, inakuwa asidi ya salfyuriki, ikikutana na amonia ya samadi na mbolea unapata chembe za amoniamu salfeti, nyingi hazifiki hata maikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), zinaelea siku kadhaa mpaka mvua izishushe.

bi_kizito: Na wenyewe walirefusha mabomba ya moshi ya viwanda ili mtaani kwao kuwe kusafi, jirani shauri yake 😂 ndo ukaja mkataba wa Geneva 1979, ule wa uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka

mdadisi_tu: Kwahiyo asidi ndo inaua samaki?

fundi_kemia: Yenyewe pia, ila alumini ndo balaa. Asidi inaitoa kwenye udongo inaenda kuganda kwenye mashavu ya samaki, anakosa pumzi. Na miamba ya kule mingi ni aina ya granaiti, chokaa ya kuzima asidi ni kidogo sana.